Kuita Majina Kabla ya Chai

Nianze na lile ambalo mwingine angeliacha mwisho: nilimwonea wivu. Si ule wivu wa mzaha ambao mtu huukiri huku anacheka. Nilimwonea wivu mpaka nikakosa hamu ya kula, na nusura binti wa watu afukuzwe kazi kwa kosa lililokuwa langu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mtu mzima mwenye mvi, na bado nilikuwa nikiangalia nani kapewa kiti gani.

Tuliuza vipuri vya malori. Chini, pale Bukoto, palikuwa na kaunta. Juu palikuwa na ofisi. Ghala lenyewe lilikuwa Kisugu, kwenye uga uliozungushiwa mabati. Mwenye mali alikuwa Hajati, Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani enzi za wakoloni. Askari walipostaafu, wana wao walishika malori, na Hajati akazaliwa katika harufu ya grisi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikukasirikia alikuwa anasema polepole zaidi, na hapo ndipo ulipotakiwa kuogopa.

Wateja wetu wengi hawakujua Luganda. Walikuwa madereva wa Kenya, wafanyabiashara wa Kongo, watu wa Juba, na wote walituandikia kwa Kiswahili kwenye simu wakitaka jibu papo hapo. Hajati akaamua tuwe na msaidizi wa akili bandia wa kuwajibu kupitia mashine ya kaunta, ambako ujumbe wao uliingia. Kazi ya kumsimika nikapewa mimi, kwa kuwa kompyuta za pale zilikuwa mikononi mwangu miaka tisa, na kwa kuwa Kiswahili nilikuwa nacho tangu utotoni. Nilikulia kambi ya polisi. Baba alitoka kaskazini, mama wa dini nyingine na kabila jingine, na Kiswahili ndicho walichopendania na ndicho tulichokaripiwa nacho.

Msaidizi wa aina hii, ukimwacha peke yake, ana maneno tele lakini hana mikono. Hajui ghalani kuna nini wala lori liko wapi. Inabidi umuunganishe na seva za zana. Seva moja inamfungulia daftari la ghala, nyingine inamwonyesha magari yaliko, nyingine inamfikisha kwenye barua pepe, nyingine kwenye hati za forodha. Tulikuwa nazo saba. Kila moja ina jina lake, anwani yake, ufunguo wake, na orodha ya yale inayoruhusiwa: hii isome tu, ile iruhusiwe na kuandika. Mambo yote hayo hukaa kwenye faili la mipangilio, na faili hilo nililijua kama jikoni kwangu. Mtu akitaka kujua seva gani imewashwa na ipi imezimwa, hakufungua faili. Alinifuata mimi mezani, akasimama, akauliza. Nilipenda sana kuulizwa.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, niliita majina.

Hilo nililitoa kwa baba. Alikuwa wa kaunta kituoni, na zamu ilipobadilishana hakukabidhi kwa kusema tu "mahabusu wanne". Aliwaita mmoja mmoja. Halafu siku moja mtu akaitikia "yupo" kwa niaba ya mwenzake aliyekwisha kutorokea dirisha la choo, na baba akachekwa kituo kizima. Tangu siku ile akiita jina aliongeza swali: mama yako anatoka wapi, jana ulikula nini, nani alikuja kukuona. Ukiitikia jina la mwenzako, kwenye swali unashikwa. Nilimsikia akitusimulia hayo zaidi ya mara ishirini, kila mara akiwa amevaa fulana ileile.

Basi na mimi nilisimama katikati ya ofisi na daftari mkononi. "Ghala," naita. Watu wanajibu kwa pamoja, "Yupo, Afande," maana ndivyo walivyonibatiza, Afande, na nilijifanya sikipendi cheo hicho. Kisha naandika swali kwa msaidizi kwenye kila mashine, juu na chini: kitu cha mwisho kupokelewa jana jioni ni nini? Mimi jibu nilikuwa nalo tayari, kwa sababu nilikuwa nimempigia simu mtunza ghala wa Kisugu tangu asubuhi. Jibu likilingana, napiga alama, naita "Magari". Zoezi lote lilichukua robo saa. Tena nilikuwa na sheria: atakayegusa mipangilio lazima aandike juu yake jina lake, siku, na sababu, kama kitabu cha kaunta ya polisi. Walinicheka, lakini waliandika.

Ndipo akaja yeye. Alikuwa amemaliza Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka uliotangulia, mwembamba, wa shungi, mwenye tabia ya kuandika huku anaongea na mtu bila kukosea upande wowote. Hajati alimchukua kwa miezi mitatu ya kujaribiwa. Ikiisha, ama abaki ama aende. Alikwisha kukataliwa kwingine, na alinieleza mwenyewe siku ya kwanza, tukiwa ngazini, kwamba mama yake alishawaambia majirani wote kuwa amepata kazi.

"Sasa nikirudi nyumbani bila kazi, Afande, ni mama ndiye ataona aibu," alisema. "Mimi nimezoea."

Nilimhurumia siku hiyo. Wiki nzima nilimhurumia, mpaka alipoanza kuonyesha kwamba hakuhitaji huruma yangu.

Kazi aliyopewa ilikuwa kunisaidia mimi. Badala yake akatengeneza ukurasa. Alifanya kimyakimya, wiki mbili, halafu akauonyesha kwenye ile skrini kubwa ya ukutani ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya taarifa ya habari. Seva zote saba zilikuwa pale zimepangwa, kila moja na taa yake: kijani ikiwa inafanya kazi, nyekundu ikiwa imekatika, kijivu ikiwa imezimwa. Ukibonyeza jina, linafunguka, unaona zana zote zilizomo ndani na ruhusa zake. Pembeni kuna swichi. Unazima, unawasha, bila kugusa faili. Mambo niliyokuwa nayo kichwani miaka miwili alikuwa ameyatundika ukutani, na mtu yeyote aliyepita na kikombe cha chai aliweza kuyasoma.

Ulikuwa mzuri. Lazima niseme hivyo, na hata leo roho inaniuma kusema. Nilitafuta kasoro na nikaambulia kwamba neno "forodha" lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo. Nikamwambia. Akashukuru, akasahihisha hapo hapo, na mimi nikajiona mjinga.

Kuanzia hapo nilianza kuona vitu. Niliona Hajati akimwita "mwanangu", mimi ambaye miaka tisa nilikuwa "Afande" tu. Niliona kiti cha dirishani, ambacho mtu wa mwisho kukikalia alihamia Juba na mimi nikakiomba kiungwana mara mbili, kimesogezwa kwake. Watu waliokuwa wakija mezani kwangu kuuliza wakaacha kuja. Waliinua macho ukutani, wakaendelea na safari zao. Na kulikuwa na jambo la gurusa. Kila Ijumaa Hajati alileta gurusa kutoka nyumbani, zile chapati laini za Kinubi, ziko kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Ya chini kabisa, iliyokauka pembeni ikawa na ukingo wa kuvunjika, alikuwa ananiwekea mimi kwa miaka yote. Ijumaa ya pili baada ya ukurasa, nikanyoosha mkono, na Hajati akasema, "Hiyo mwachie mtoto, hajawahi kuionja." Nikachukua laini. Nilitafuna kitambo kirefu na haikushuka.

Mke wangu aliniuliza kwa nini nimenuna. Nikamwambia ni joto.

Basi, Jumamosi moja nilikuwa chini na karani mpya wa kaunta, bwana aliyekuwa akiuza matairi kabla ya kuja kwetu. Nilikuwa namfundisha kumtumia msaidizi. Kwa mafunzo ya namna hiyo nilikuwa na ujanja wangu: kwenye mashine ya kaunta naweka faili dogo la mipangilio, lenye seva inayoitwa Ghala vilevile, ila linaelekea kwenye ghala la mazoezi, lililojaa vipuri vya uongo. Mwanafunzi anauza, anakosea, anarudisha, na hakuna kitu halisi kinachoharibika. Inawezekana kwa sababu ya desturi ya mipangilio hii: majina mawili yakifanana, lile la kwenye mashine yenyewe linalishinda lile la faili la pamoja, linalotumiwa na mashine zote. Mafunzo yakiisha unalifuta. Mimi mara nyingi nilisahau, na haikunisumbua, maana asubuhi yake nikiita majina swali lilinikumbusha: mashine ya kaunta ilijibu upuuzi, nikacheka, nikashuka, nikafuta.

Jumamosi ile nilisahau kama kawaida.

Jumatatu asubuhi, nikiwa bado nashika kalamu yangu, yule binti, mwenzangu wa ukurasa, alikuja na kompyuta mkononi.

"Afande, naomba kuuliza. Mipangilio yote iko kwa hii faili moja? Hakuna ingine imejificha mahali?"

Aliniuliza vizuri, kwa heshima. Na mimi nilikuwa nimejaa, nikamjibu bila kufikiri, "Ni hiyo tu. Ingekuwapo nyingine ungeambiwa." Nusu saa baadaye, kabla sijaita majina, Hajati akasimama mbele ya skrini, akatukusanya, akasema ukurasa sasa ndio utakaotazamwa rasmi.

"Na wewe Afande, upumzike na mambo ya kuitana," akasema kwa upole. "Taa zinaonekana. Hii robo saa ya asubuhi tunaweza kuuza."

Wenzangu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Daftari langu nililitia kwenye droo, na nilipoinua kichwa nikamkuta yeye ananitazama kwa uso wa mtu anayetaka kuomba radhi. Nikageukia pembeni. Huruma yake iliniudhi kuliko makofi.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sina la kujitetea, Jumatano. Nilishuka chini kuchukua waya, nikamkuta karani yuko kwenye simu na macho yake kwenye mashine. "Ziko, mama," alikuwa anasema. "Giaboksi ya aina hiyo ziko tatu. Kuja tu." Nikasimama pale pale na waya mkononi. Giaboksi ya aina ile tulikuwa hatuna hata moja. Ya mwisho iliondoka wiki iliyopita na mimi mwenyewe niliiona ikipakiwa. Tatu ndiyo hesabu niliyoiandika kwenye ghala la mazoezi.

Nilielewa mara moja. Jumamosi, faili, karani. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi: kuinama, kufuta, kusema "mwambie mama asubiri kidogo".

Na sikufanya. Nataka niliseme kama lilivyokuwa, kwa sababu nimekwisha kulipamba mara nyingi kichwani. Sikusahau, sikuchanganyikiwa, sikuitwa na mtu. Nilitazama ngazi inayokwenda juu, nikafikiria ile skrini na taa yake ya kijani kwenye jina la Ghala, na nikafurahi. Ukurasa wake ulikuwa unasoma faili la pamoja peke yake. Ulikuwa unasema Ghala yupo, na chini yake kulikuwa na mtu mwingine anaitikia. Nikawaza: na aaibike kidogo. Ijumaa miezi yake mitatu inaisha, Hajati ataamua. Hata akibaki, na abaki akijua kwamba kuna mambo hayajui, na kwamba kuna mtu humu ndani anayajua. Nilitaka anifuate mezani aulize. Nikajiambia kesho nitalifuta. Nikapanda juu na waya wangu na mchana huo nilikula vizuri kuliko siku nyingi.

Alhamisi saa nne hivi tukasikia sauti ya mwanamke chini, haipandi, inarudia tu maneno yale yale. Karani akamleta juu. Alikuwa wa makamo, Mkongomani wa Bunia, vumbi la safari limemganda kwenye nyusi, ana mfuko mmoja wa plastiki na simu iliyofungwa kwa mpira.

"Ile mashini yenu iliniandikia giaboksi iko tatu," akamwambia Hajati. "Nikapiga simu tena jana, nikiwa Mahagi, sijavuka hata mpaka. Huyu baba akasema iko, kuya tu. Nikakuya. Sasa Kisugu banasema haiko."

Lori lao lilikuwa limekufa njiani, kabla ya Mahagi, limejaa maharagwe. Mume wake alikuwa amelala humo siku ya tatu, analinda mzigo, na mvua inanyesha. Alisema hayo yote bila kulia, akiwa ameketi kwenye kile kiti cha dirishani alichompisha mwenzangu. Aliposema Mahagi, sijavuka hata mpaka, nilimtambua. Ndiye aliyekuwa upande wa pili wa ile simu. Angeambiwa neno moja angegeuza.

Hajati akamtazama mwenzangu, kisha skrini. "Mwanangu. Ghala iko namna gani?"

"Iko kijani, Hajati." Akaisogelea skrini. "Mimi naona kijani."

Akamwuliza msaidizi kwenye kompyuta yake: giaboksi hakuna. Akashuka akauliza kwenye mashine ya kaunta: ziko tatu. Akapanda, akashuka tena. Hajati akaanza kupigia simu wenye maduka anaowajua, mmoja baada ya mwingine, kumtafutia yule mama giaboksi kwa yeyote aliyenayo. Mimi nilikaa mezani nikijitia kushughulika na barua pepe isiyo na maana. Nilimpigia hesabu ya siku nzima kulipata lile faili. Alilipata kabla ya adhuhuri.

Akasimama katikati ya ofisi, pale pale nilipokuwa nasimama na daftari, kompyuta ikiwa wazi mkononi.

"Kuna faili ingine kwa mashine ya kaunta," akasema. "Inaitwa Ghala pia, lakini inaenda kwa ghala ya mazoezi. Hiyo ndiyo ilikuwa inajibu watu." Akainua kichwa. "Kuna mtu anajua hii faili?"

Alipitisha macho kwa kila mtu. Karani akatikisa kichwa, kwa kweli hakujua. Jumamosi ile alijua tu kwamba anafundishwa. Macho yakafika kwangu, yakakaa. Nilitazama skrini, nikazihesabu taa, saba.

"Hakuna? Kale," akasema taratibu, yaani basi, sawa. Akamgeukia Hajati. "Ukurasa yangu haikuisoma, Hajati. Ningeitengeneza isome kila mashine. Hiyo ni kosa yangu."

Hajati hakutaka kumkemea mbele ya mgeni. Alisema polepole tu, "Tutaongea kesho," na mimi ninayemfahamu nikajua kazi ya binti imekwisha.

Giaboksi ilipatikana jioni hiyo kwa Mhindi mmoja, na Ijumaa asubuhi yule mama akaondoka nayo kwenye lori letu lililokuwa linaelekea Arua. Alimshika mwenzangu mkono wakati wa kuaga. Mimi alinipungia tu, kwa sababu hakunijua.

Saa ya chai Hajati akamwita mezani kwake. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia yote. Hakumfokea. Alimwambia ana akili, ataenda mbali, lakini yeye anauza kwa watu wanaosafiri siku mbili kwa neno lake, na neno lake jana lilikuwa la uongo. Alimwambia achukue vitu vyake na asivunjike moyo. Mwenzangu akajibu, "Ndiyo, Hajati," mara tatu, akatoka, akatia chaja na kikombe chake kwenye mkoba, akashuka. Hakuniangalia.

Kisha Hajati akatoka na bakuli. Akafunua kitambaa, akaingiza mkono mpaka chini, akatoa ile gurusa ya ukingo mkavu, akaniwekea kiganjani kwenye kipande cha karatasi. Ilikuwa bado ina moto.

"Afande, Jumatatu urudi kwa kuita majina yako," akasema. "Mimi ndiye nilikosea kukuzuia."

Nilipata vyote. Niliposimama pale, nilikuwa nimepata kila kitu nilichokililia kwa wiki sita: kiti kilikuwa kitupu, skrini ya ukutani ilikuwa karibu kuzimwa, gurusa ilikuwa mkononi, na Hajati mwenyewe ananiomba radhi. Nikajaribu kuumega ule ukingo na vidole vikakataa.

"Hajati, lile faili ni langu."

Akanitazama.

"Niliweka Jumamosi kwa ajili ya mafunzo, nikasahau kulifuta. Aliniuliza Jumatatu kama kuna faili lingine, nikamwambia hakuna."

"Ulikuwa umesahau."

Angeniacha hapo. Alikuwa amenifungulia mlango kabisa, na ningepita nikiwa na nusu ya kosa. "Jumatatu nilikuwa nimesahau," nikasema. "Jumatano nilikumbuka. Nilimsikia karani kwenye simu. Nikanyamaza."

"Jumatano yule mama alikuwa Mahagi," Hajati akasema, polepole sana.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu."

Ofisi nzima ilikuwa inasikia. Hajati akanyoosha mkono, akachukua gurusa kutoka kiganjani mwangu, akaifunga vizuri kwenye ile karatasi, pembe kwa pembe, akanirudishia ikiwa imefungwa.

"Mpelekee," akasema. "Na mwambie arudi."

Nilimkuta barabarani, upande wa kwenda Ntinda, anatembea kwa miguu na mkoba begani. Nilikuwa nimekimbia, mimi na tumbo langu, na watu wa bodaboda walikuwa wananitania kwa Luganda. Nilipomfikia sikuwa na pumzi ya kuanzia. Nikamwambia vilevile nilivyomwambia Hajati, Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, Afande," akasema.

"Unajua nini?"

"Faili imeandikwa juu. Jina, siku, na sababu. 'Afande, Jumamosi, mafunzo.'" Alisema bila kejeli. "Si ni sheria yako?"

Nilikuwa nimesaini. Mkono ulisaini wenyewe kwa mazoea, na sikuwa hata na kumbukumbu hiyo.

"Na mbona hukusema mbele ya Hajati? Ulikuwa na ushahidi mkononi."

"Niliuliza mbele ya watu wote, Afande. Nilikuangalia wewe." Akahamisha mkoba bega la pili. "Hukuitika."

Nikampa karatasi. Akaifungua, akaitazama gurusa, akajua ni ipi, akaanza kuila pale pale kando ya barabara. Aliila yote. Hakunimegea. Nikamwambia kwamba Hajati anamwita arudi, na yeye akafuta vidole, akasema leo anakwenda nyumbani kwa mama yake, Jumatatu ataona.

Jumamosi na Jumapili sikulala vizuri, na safari hii sikuwa namwonea mtu wivu, au labda nilikuwa bado namwonea, kwa sababu hata kunyamaza alikuwa amenizidi.

Jumatatu alikuja. Ukurasa ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameufanyia kazi nyumbani. Sasa ulionyesha kila mashine na faili zake zote, za pamoja na za faragha, na penye majina mawili yanayofanana paliwekwa alama ya njano. Chini ya kila seva kulikuwa na nafasi ya swali la asubuhi na jibu lake. Hajati akaangalia, akaniambia nifungue droo. Nikatoa daftari. Akalichukua, akampa yeye.

"Ita wewe," akamwambia.

Akasimama katikati ya ofisi. Karani alikuwa amepanda, watu wamesimama na vikombe, chai ilikuwa haijamiminwa. Nilikuwa tayari kusema "yupo" pamoja na wengine akiita Ghala. Lakini hakuanza na Ghala.

"Afande," akaita.

Watu wakageuka kunitazama. "Yupo," nikasema.

"Jumamosi ile uliweka nini kwa mashine ya kaunta?"

Kila mtu mle ndani alikuwa anajua tayari, walikuwepo Ijumaa. Hata hivyo ilinichukua muda kufungua mdomo, na yeye alisubiri, kalamu ikiwa juu ya karatasi, kama baba alivyokuwa akisubiri.

"Niliweka ghala la uongo," nikasema. "Nikalisahau. Nilipolikumbuka, nikanyamaza siku mbili."

Akapiga alama kwenye daftari, kisha akaita Ghala.